Ndimi tatu za nyumba yetu

Usiku wa nane baada ya kujifungua, mke wangu alianza kuhesabu. Mtoto akilia njaa, anamweka kwanza begani, anafumba macho, anahesabu moja mpaka kumi, ndipo anamsogeza kifuani. Mtoto akishika chuchu, vidole vya miguu vya mama yake vinajikunja kama vya mtu aliyekanyaga kaa la moto. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda na glasi ya maji mkononi, maana sikujua kitu kingine cha kufanya. Nilichokisikia ni mlio: ta, ta, ta. Nikadhani ndivyo watoto wanavyonyonya. Nilikuwa hata naufurahia, nikisema kabinti ketu kanakula kwa sauti.

Kumbe mlio ule ni wa ulimi unaoachia. Kila unapoteleza, hewa inaingia, unasikia ta. Na chuchu ilipotoka mdomoni ilikuwa bapa, imechongoka upande mmoja kama kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari, na ncha yake nyeupe kwa kubanwa. Chuchu iliyonyonywa vizuri hutoka imerefuka kidogo, lakini mviringo wake ni uleule ilioingia nao. Hilo nililijua baadaye sana.

Siku ya kumi na nne tulikwenda kupima uzito. Mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, na kupungua kwa asilimia 7, hata kukaribia 10, hakumshtui mkunga. Kinachotarajiwa ni kwamba kufikia wiki ya pili awe amerudisha uzito aliozaliwa nao. Wetu alikuwa bado na deni la gramu 210. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, hakusema neno. Aliosha mikono, akavaa glavu, akapitisha kidole kidogo chini ya ulimi wa mtoto kutoka upande wa kushoto kwenda kulia.

“Hapa pana tuta,” akasema.

Mtoto akaangua kilio, na hapo ndipo nami nilipoona. Ulimi wa mtoto anayelia hutakiwa kuinuka. Wake kingo ziliinuka, katikati pakabaki chini, na ncha ikajigawa kama kopa ya karata.

“Mama, mtoto ana udata.” Kisha akanigeukia. “Na wewe baba, hebu toa ulimi.”

Nikautoa. Akacheka kidogo, akamwonyesha mke wangu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nimekula, nimeimba, nimegombana na watu kwa ulimi huohuo, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba umefungwa. “Basi ndiko alikoutoa,” muuguzi akasema, akaandika kwenye kadi.

Nianze na jina, kwa sababu watu huchanganya. Wapo wanaosema ulimi umefungwa, wengine ulimi umekazwa, wengine udata. Vyote ni kitu kimoja: ule utando ulio chini ya ulimi ni mfupi, au ni mnene, au umeshikilia karibu mno na ncha, kiasi kwamba ulimi hauchezi unavyopaswa. Hauhusiani na kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Na utando wenyewe si ugonjwa. Simama mbele ya kioo, inua ulimi mpaka uguse kaakaa, utauona. Kila mtu anao. Kuwa nao na kuzuiwa nao ni mambo mawili, na karibu kila kosa nililolifanya mimi lilitokana na kuyafanya moja.

Kwa miaka mingi utando huo ulielezwa kama kamba: kuna kamba, ikate, ulimi huru. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Nikki Mills wa New Zealand walichapisha kazi waliyoifanya kwa kupasua maiti na kuangalia tabaka kwa tabaka, wakaonyesha kwamba hakuna kamba. Ni sakafu ya mdomo yenyewe inayojikunja. Tandaza shuka mezani, ishike katikati, inua: utaona mkunjo wima umesimama. Mkunjo haukuwapo kabla hujainua, na ukiachia haupo tena. Ndivyo utando wa ulimi ulivyo, na tofauti ya mtu na mtu ni urefu wa mkunjo huo na mahali unapoanzia. Walichokionyesha pia, na hiki kilinifanya niweke kikombe chini nilipokisoma, ni kwamba matawi ya neva inayoupa ulimi hisia hupita karibu sana, chini tu ya tabaka hilo. Kwa hiyo mtu akikwambia “tutakata mpaka ndani kabisa ili tusiache kitu”, una haki ya kuuliza ndani wapi.

Makadirio ya wingi wa udata kwa watoto wachanga kwa kawaida huwa kati ya asilimia 4 na 10, na wavulana wanao zaidi ya wasichana. Hutembea katika ukoo, kama muuguzi wetu alivyohisi bila kipimo chochote. Lakini wengi wao hawana shida. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa ripoti mwaka 2024 kikisema kwamba chini ya nusu ya watoto wenye dalili za udata hupata taabu ya kunyonya.

Kwa nini ulimi uwe na kazi kubwa hivyo? Nilikuwa naamini mtoto anaminya titi kama mtu anayekamua nguo. Donna Geddes na wenzake wa Australia waliwaangalia watoto kwa ultrasaundi wakinyonya, na kazi yao ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba maziwa hutoka zaidi ulimi unaposhuka. Ukishuka huku midomo imeziba vizuri, ndani ya mdomo panakuwa na ombwe, na ombwe ndilo linalovuta. Mtoto ambaye ulimi wake haushuki wala hausogei mbele vizuri hutafuta njia nyingine, naye hubana chuchu. Hapo mama anaumia, maziwa hayatoki ya kutosha, mtoto ananyonya saa nzima na kulala kwa uchovu kabla hajashiba. Chuchu ya mke wangu ilikuwa inalipia ombwe ambalo halikuwapo.

Muuguzi alitushauri turudi baada ya siku tatu, akae naye amwone akinyonya mwanzo mpaka mwisho. Tungerudi, hadithi hii ingekuwa fupi.

Mimi sikusubiri. Usiku ule nilifungua intaneti, na ukiandika maneno kama “mtoto halali, anacheua, analia jioni” utaambiwa udata, hata kama mtoto wako ni mtoto tu kama watoto wengine. Mke wangu alikuwa na kidonda kwenye titi. Nami nilikuwa na ile hofu ya mzazi mpya inayotaka kitu cha kufanya, chochote. Siku ya pili tukawa kwenye chumba cha kusubiri cha kliniki moja, ambayo sitaitaja, yenye picha za watoto wanaocheka ukutani.

Daktari alimlaza binti yetu, akawasha tochi ya kichwani, akainua ulimi, akapindua mdomo wa juu. Dakika mbili. Akasema ulimi umefungwa, mdomo wa juu nao umefungwa kwa kiwango cha juu kabisa, na mashavu yamekaza, “lakini hayo tutayaona baadaye”. Hakuna aliyemuuliza mke wangu anakaaje anaponyonyesha. Hakuna aliyeomba kumwona mtoto akinyonya, na titi lilikuwapo palepale, na mtoto mwenye njaa alikuwapo. Nikauliza mdomo wa juu unahusikaje. Nikaambiwa usipokatwa hautakunjuka juu ya titi, meno yataoza, na atakuwa na mwanya mkubwa. Nikatia saini.

Walitumia leza. Kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua, na mtoto alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia. Tulitoka na karatasi ya mazoezi: ingiza kidole, sukuma kidonda cha chini ya ulimi, inua mdomo wa juu kwa nguvu, mara sita kwa siku, pamoja na usiku, kwa wiki nne. Lengo, tuliambiwa, ni kuzuia kidonda kisijishike tena.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya mazoezi. Siku ya tatu chini ya ulimi palikuwa na doa la rangi kati ya nyeupe na njano, lenye umbo la kishada cha kurusha, nami nikaapa kwamba ni usaha. Sio usaha. Ndivyo kidonda cha mdomoni kinavyopona. Gaga la mdomoni halikauki likawa jeusi kwa sababu pana mate muda wote, na huondoka lenyewe kwa wiki moja au mbili. Siku ya nne binti yetu alianza kufumba mdomo akiona kidole changu kinakuja. Siku ya sita alifumba mdomo akiona titi.

Nikampigia simu muuguzi. Kwa aibu, maana tulimkimbia. Hakunigombeza. Aliniambia niache mazoezi siku hiyohiyo, akaja. “Kidole chako kimemfundisha kwamba kila kinachokuja mdomoni kinauma,” alisema. Ile ripoti ya 2024 ya madaktari wa Marekani, iliyotoka miaka kadhaa baada ya kadhia yetu, haishauri mazoezi hayo ya kusukuma kidonda, na inasema hakuna ushahidi kwamba leza inashinda mkasi. Nilipoisoma nilimpelekea muuguzi ujumbe. Akajibu kwa neno moja: “Haya.”

Alichokifanya siku ile alipokuja ni kukaa. Alikaa kwenye kiti cha chumbani kwetu zaidi ya saa nzima, mikono mapajani, akiangalia. Kisha akamlaza mke wangu chali kidogo, mito nyuma ya mgongo, akamlaza mtoto kifudifudi juu yake, tumbo kwa tumbo, pua ya mtoto ikiwa usawa wa chuchu wala si mdomo. Akangoja. Mtoto alitafuta, akainua kichwa, kidevu kikatangulia kugusa titi, mdomo ukafunguka sana, akashika. Mdomo wa chini ulikuwa umemeza sehemu kubwa ya titi kuliko wa juu. Akamwelekeza pia mke wangu kukamua kila baada ya kunyonyesha, kwa sababu titi hutengeneza kwa kadiri linavyoondolewa maziwa, na kwa wiki tatu letu lilikuwa haliondolewi vya kutosha. Hilo nimewaambia wazazi wengi tangu hapo: ulimi ukifunguliwa leo, maziwa yaliyopungua hayarudi leo. Yanarudi kwa kukamua, siku baada ya siku, na usiku pia.

Uzito ulirudi taratibu. Kwa upande wa ulimi, siwezi kuwatukana waliokata. Ulikuwa umefungwa kweli, na maumivu ya mke wangu yalipungua baada ya hapo. Na hilo ndilo jambo ambalo tafiti zinalisema kwa uhakika zaidi kuliko mengine. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 5 yenye watoto 302, na kukata udata kulipunguza maumivu ya chuchu kwa muda mfupi. Kuhusu mtoto kunyonya vizuri zaidi, matokeo hayakukubaliana. Majaribio yenyewe yalikuwa madogo, na ni rahisi kuelewa sababu. Uingereza walijaribu kufanya kubwa, walitaka watoto 870, wengine wakatwe na wengine wapewe msaada wa kunyonyesha tu, wakapata 169, na wengi wa kundi la kutokukatwa wakaishia kukatwa. Nani atamwambia mama mwenye kidonda asubiri kwa ajili ya sayansi? Mimi mwenyewe sikuweza kusubiri siku tatu.

Wakati huohuo watoto wanaoambiwa wana udata wameongezeka. Katika kumbukumbu za hospitali za Marekani, watoto waliolazwa na kuandikwa kuwa na udata walikuwa 3,934 mwaka 1997. Mwaka 2012 walikuwa 32,837. Ndimi za watoto hazikubadilika katika miaka kumi na mitano. Akina mama wengi zaidi walikuwa wananyonyesha, na hilo ni jema, maana chupa iliwahi kuficha shida hii kwa vizazi viwili. Lakini pia watu wengi zaidi walikuwa wanatafuta utando, na anayetafuta utando chini ya ulimi ataupata kwa kila mtu.

Si jambo jipya, lakini. Mfalme Louis XIII wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1601, alikatwa udata akiwa na siku chache tu duniani kwa sababu alikuwa hanyonyi vizuri, na tunajua hivyo kwa kuwa daktari wake aliandika kila kitu kilichompata. Wakunga wa Ulaya wa zamani wanasimuliwa kwamba walifuga ukucha mmoja mrefu kwa kazi hiyohiyo. Mimi nikiusoma ule mstari wa ukucha huwa naukunja mkono wangu bila kujua.

Mdogo wa binti yetu alizaliwa miaka mitatu baada yake, na alipolia kwa mara ya kwanza niliona kopa kabla sijaona macho yake. Udata wake ulikuwa mkubwa zaidi ya wa dada yake, umefika karibu na ncha. Safari hii tulijua wa kumwita.

Yule muuguzi alitumia kipimo kidogo kilichotengenezwa Bristol, Uingereza, kinachoangalia mambo manne tu: ncha ya ulimi ina umbo gani, utando umeshika wapi kwenye ufizi wa chini, ulimi unainuka kiasi gani mtoto akilia, na unatoka nje kiasi gani. Kila jambo lina alama kuanzia 0 hadi 2, jumla 8. Mwanangu alipata 3, na chache ndiyo mbaya. Nikasema basi tukate. Muuguzi akasema, “Baba, tulia. Hatujamwona akila.”

Tukamwona akila. Tukabadilisha mkao. Tukahesabu nepi, baada ya siku ya tano mtoto anayeshiba hulowesha sita au zaidi kwa siku, na wake zilikuwa nne. Mke wangu akakamua tangu mwanzo ili maziwa yasishuke, na mtoto akapewa yale yaliyokamuliwa kwa kikombe kidogo. Wiki nzima. Mkao ulisaidia, lakini ta, ta, ta haikuisha, na chuchu iliendelea kutoka imechongoka. Hapo ndipo alipoandika barua kwa daktari wa sikio, pua na koo.

Huyu aliuliza maswali kabla ya kuangalia mdomo. Mtoto alichomwa sindano ya vitamini K alipozaliwa? Kuna mtu katika ukoo anayetokwa damu isiyokatika, baada ya kung'olewa jino au kutahiriwa? Mtoto mchanga huzaliwa na vitamini K kidogo sana, na asiyepata sindano anaweza kutokwa damu kuliko ilivyotegemewa, hata kwa mkato mdogo. Kisha akapima kidevu kwa macho, kwa sababu mtoto mwenye taya la chini dogo sana, lililorudi nyuma, hakatwi ovyo. Ulimi wake unaweza kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa. Nilijaribu kukumbuka kama kuna aliyetuuliza lolote kati ya haya kwa dada yake. Hakuna.

Walimvingirisha kwenye taulo, mikono ndani, kama kifurushi. Nikapewa kazi ya kushika kichwa, kiganja kila upande wa masikio. Wakamdondoshea maji ya sukari ulimini. Daktari aliinua ulimi kwa kijisahani cha chuma chenye mpasuko katikati, utando ukaingia kwenye mpasuko, ukabaki umetanuka mbele ya taa. Nyuma ya ngozi ile nyembamba uliweza kuona mwanga. Mkasi ulikuwa mdogo, ncha zake butu. Ulikata mara moja, halafu padogo tena, na sauti yake ni kama ya kukata karatasi iliyolowa. Matone manne au matano ya damu, yakichanganyika na mate yanaonekana mengi. Kipande cha shashi, kidole juu yake, nikahesabu kimoyomoyo, nikafika ishirini. Mke wangu alikuwa ameshafungua vifungo.

Akanyonya. Sikusikia kitu. Nilimwangalia mke wangu, naye ananiangalia mimi, tumekodoa macho kama watu waliosikia umeme umekatika ghafla. Kisha tukasikia sauti nyingine, ndogo, ya kumeza.

Haikuwa muujiza, na nasema hivi kwa sababu picha za ukutani kule kwa kwanza ziliahidi muujiza. Siku tatu za mwanzo alikuwa anasahau, anarudi kubana kama alivyozoea tumboni na wiki zile za mwanzo. Ilichukua kama siku kumi na mbili kabla mama yake hajaacha kukunja vidole vya miguu. Mazoezi ya kusukuma kidonda hatukupewa. Tuliambiwa mtoto anyonye, acheze na ulimi, tumtolee ulimi ili naye autoe. Wanasema watoto wachanga huiga, na mimi na ulimi wangu wa kopa tulifanya mazoezi mengi.

Kuhusu ulimi wangu sasa. Haujakatwa na hautakatwa. Siwezi kulamba mdomo wa juu bila kuvuta mdomo chini uje kuulaki ulimi. Siwezi kusafisha kwa ulimi jino la mwisho la juu, na daktari wa meno huniambia kila mwaka nipige mswaki zaidi huko nyuma, nami kila mwaka naitikia. Kusema, nasema. Herufi r naitamka, ingawa nilipojiangalia kwenye kioo niligundua kwamba naitikisa kwa ubavu wa ulimi, si ncha. Nimejifundisha mwenyewe bila kujua.

Nalisema hili kwa ajili ya wazazi wa watoto wakubwa kidogo, wanaoambiwa mtoto hajaanza kusema kwa sababu ya udata. Udata hauchelewishi maneno. Mtoto mwenye ulimi uliofungwa kabisa bado ataita mama, baba, ataomba, atakataa. Midomo na akili yake haijafungwa. Mtoto asiyetamka maneno kwa umri unaotarajiwa apimwe masikio kwanza. Kigugumizi nacho hakitoki kwenye utando. Kinachoweza kuguswa, kwa baadhi yao, ni usafi wa herufi zinazohitaji ncha ya ulimi ipande: t, d, n, l, r, s, z, na zile th na dh. Na hata hapo uwe mwangalifu, kwa sababu kithembe cha mtoto wa miaka mitatu ni cha karibu kila mtoto wa miaka mitatu, na r ni herufi inayochelewa hata kwa wenye ndimi ndefu. Mtoto anayesema “ludi hapa” haumwi. Mtaalamu wa matamshi ndiye wa kumwona kwanza, asikilize, ajue ni herufi ipi inayokwama na kama inakwama kwa sababu ya ulimi kushindwa kufika.

Ikithibitika, upasuaji wa mtoto mkubwa si ule wa mkasi na taulo. Mtoto wa miaka minne hashikiki. Mara nyingi hupewa nusukaputi, utando hukatwa na kushonwa, wakati mwingine kwa mkato wa pembepembe ili kovu lisivute. Nusukaputi ni jambo la kulifikiria kwa uzito wake. Damu, maambukizi, kovu linalokaza kuliko mwanzo, kuguswa kwa mirija ya mate inayofungukia palepale chini ya ulimi: haya ni nadra, lakini yapo. Na ulimi ulioachiwa bado una mazoea ya zamani. Atahitaji kufundishwa herufi zilezile baada ya kidonda kupona.

Umebaki mdomo wa juu, ambao ndio ninaokasirika nao mpaka leo. Pindua mdomo wa juu wa mtoto mchanga yeyote, utaona utando umeshuka mpaka kwenye ufizi, mara nyingi mpaka ukingoni kabisa pale meno yatakapotokea. Ndivyo watoto wanavyozaliwa. Taya likikua, ufizi unashuka na utando unaonekana kupanda. Mtoto akinyonya, mdomo wa juu hauhitaji kukunjuka nje kama wa samaki. Unahitaji tu kuziba. Madaktari wa sikio, pua na koo wa Marekani walitoa tamko mwaka 2020 ambamo walikubaliana kwamba utando wa mashavu si wa kukatwa, na kuhusu wa mdomo wa juu walionyesha jinsi ushahidi wa kuukata ulivyo mdogo. Watoto wengi huuchana wenyewe wakijifunza kutembea, wanaanguka, damu nyingi, kelele nyingi, na unapona bila kushonwa. Na mwanya wa meno ya mbele, ule ambao watu wengine wanauhesabu uzuri na kuutungia sifa, ni wa kawaida kwa watoto. Mara nyingi hujibana wenyewe chonge za utu uzima zinapoota, kwenye miaka kumi na moja hadi kumi na tatu. Daktari wa kupanga meno huwa anasubiri mpaka hapo kabla hajaugusa utando huo.

Binti yetu ana miaka saba sasa. Meno mawili ya juu ya mbele yametoka, makubwa, ya utu uzima, na kati yake pana mwanya unaopitisha sarafu. Kliniki ilikata ili usiwepo. Amegundua kwamba akipitisha hewa hapo anapiga mluzi mkali kuliko wavulana wote wa darasa lake, na mdogo wake, mwenye ulimi mrefu kuliko wa sisi wote, anasimama mbele yake jioni nzima akijaribu kumwiga, anatoa mate tu.